Fasili mbili, maneno yaleyale: tofauti iko wapi?

SWALI: Habari Daktari. Niko mwaka wa tatu chuoni, nasomea hisabati, nakaa Ngara, Nairobi. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata A ya hesabu, lakini CAT (jaribio la kabla ya mtihani) ya Rial Analisisi, somo la kuthibitisha mambo ya vikomo na fanksheni, nimeambulia 8 kati ya 30. Swali lililonimaliza lilihusu fanksheni xⁿ (n ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea), x ikiwa kuanzia 0 hadi 1. Tuliambiwa tuonyeshe kwamba zinafikia kikomo nukta kwa nukta, ila si kwa pamoja. Fasili zote mbili nimezisoma mpaka nikazikariri. Zote zina epsiloni, zina N, zina "kwa kila x". Tofauti siioni. Au nihamie takwimu kabla sapu (mitihani ya kurudia) hazijanianza?

JIBU: Binti, maneno ni yaleyale kweli, hukukosea kuona hivyo. Ulichokosa kutazama ni neno lipi limetangulia lipi.

Chukua nisani, matatu ya abiria 14 inayotoka hapo Ngara. Makanga akisema, "Kila abiria ana kiti," unapanda bila wasiwasi. Akisema, "Kuna kiti ambacho kila abiria amekikalia," basi watu 14 wamepakatana juu ya kiti kimoja. Hakuongeza neno la maana wala hakupunguza. Amehamisha "kila" na "kuna" tu. Katika kauli ya kwanza unamjua abiria kwanza, kisha unamtafutia kiti, na abiria mwingine anaweza kupata kingine. Katika ya pili kiti kimeshatajwa kabla ya abiria yeyote kuingia, kwa hiyo ni lazima kiwatoshe wote.

Kwenye fasili zako, epsiloni ni kosa dogo linaloruhusiwa, na N ni hatua ambayo kuanzia hapo kosa linabaki chini ya epsiloni. Basi x ni abiria na N ni kiti. Nukta kwa nukta maana yake: nipe epsiloni, nipe na x, ndipo nikutafutie N. Kwa pamoja maana yake: nipe epsiloni peke yake, nami nitaje N kabla sijaona x hata moja, na N hiyo isimwache yeyote.

Shika kikokotoo uone mwenyewe. Weka epsiloni iwe 0.01, utafute n ya kwanza inayoifanya xⁿ iwe chini yake. Kwa x = 0.5, n = 7 inatosha. Kwa 0.9 unahitaji 44. Kwa 0.99 unahitaji 459, na kwa 0.999 unafika 4603. Kila x iliyo chini ya 1 inapata N yake, haikosi, lakini kadiri x inavyoisogelea 1 ndivyo N inavyozidi kukimbia. (x = 1 yenyewe haina kazi: 1ⁿ ni 1 siku zote, kikomo chake ni 1. Kwingine kote kikomo ni 0.)

Ila hesabu hizo ni za kukufungua macho, hazikupi alama. Alama ziko hapa. Chukua epsiloni iwe nusu. Tuseme mtu anadai kuna N inayowatosha wote. Mimi nasubiri aitaje. Akishaitaja, nachagua x iwe kipeuo cha N cha nusu, yaani ile namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara N unapata nusu. Namba hiyo ni ndogo kuliko 1, kwa hiyo kikomo chake ni 0, lakini xᴺ ni nusu kamili, si chini ya nusu. Dai limeanguka. Mistari minne, mitano hivi, na umemaliza.

Angalia nilivyofanya: nimesubiri N itajwe kwanza, ndipo nikachagua x. Ukanusho wa fasili ndio ulionipa ruhusa hiyo. Ukiikanusha fasili ya "kwa pamoja", kila "kila" inageuka "kuna", na kila "kuna" inageuka "kila": kuna epsiloni fulani ambayo, kwa kila N utakayotaja, kuna x na kuna n isiyo chini ya N, vinavyovunja dai. Hilo ndilo zoezi ninalokupa kabla ya jingine lolote. Kila fasili ya kozi hii iandike, kisha andika ukanusho wake, kisha usome vyote viwili kwa sauti kwa lugha unayoongea nyumbani. Kama huwezi kuisema kwa lugha hiyo, bado umeikariri tu.

Wala usijione mjinga. Cauchy, aliyeweka misingi ya somo hili, alidai kwenye kitabu chake cha mwaka 1821 kwamba jumla ya mfululizo wa fanksheni zisizokatika (ambazo grafu yake haina mruko) nayo haikatiki. Mwaka 1826 Abel, kijana wa Norway ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, akaonyesha mfano unaokataa: sin x, toa nusu ya sin 2x, jumlisha theluthi ya sin 3x, na kuendelea. Kati ya −π na π jumla yake ni x/2, lakini ikifika π inaruka. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya mwisho ya 1840, wanahisabati Stokes na Seidel, kila mmoja kwa njia yake, walipoonyesha kilichokuwa kimejificha humo: mfululizo wa Abel unafikia kikomo nukta kwa nukta, si kwa pamoja. Ni kiti na abiria walewale.

Na A yako ya KCSE? Ni ya halali, ila ilipima kitu kingine. Kule unajibu maswali 16 ya lazima, unachagua 5 kati ya 8, na kinachotafutwa ni jibu na njia uliyofundishwa. Kurudia karatasi za miaka iliyopita kunasaidia sana. Huku, zile fotokopi za mitihani ya nyuma mnazobebana nazo, kwa maoni yangu, zinawaumiza, maana mnajifunza umbo la jibu bila kujua nani alichaguliwa kwanza.

Kuhusu takwimu: ukiipenda, nenda. Kwa kumkimbia N, usiende. Nadharia ya uwezekano ina namna kadhaa za kufikia kikomo, na zinatofautiana kwa mambo ya aina hiihii. Kama kwenu CAT ni 30, mtihani ni 70 na kupita ni 40, unadaiwa 32 kati ya 70. Sioni sababu ya kufunga virago.

Sasa jaribu hili: fanksheni ni zilezile xⁿ, ila x iwe kuanzia 0 hadi 0.9 tu. Je, zinafikia kikomo kwa pamoja? Jiulize kwanza ni abiria yupi mgumu kuliko wote kumpatia kiti. Nitumie mistari yote, hata uliyoikata.