Barua kwa mwanangu: mchele, sukari na mkeka wa Chole

Mwanangu Sabra,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, na shangazi yako ameshahamia chumba cha uani kama mlivyopanga. Ujumbe wako niliusoma Ijumaa baada ya swala, nikausoma tena usiku. Unauliza kama laki tatu na nusu zitakutosha siku kumi kisiwani Mafia mwezi wa Desemba, wewe na wenzako wawili, na mabegi ya mgongoni na hema, mpite Kilindoni, Utende, Chole, Juani mpaka Jibondo. Umepiga hesabu vizuri, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kiingilio cha hifadhi. Lakini kwenye chakula umeandika: "tutakula kwa wenyeji, wanasema kule watu wakarimu sana." Hapo hukuweka hata shilingi moja.

Mstari huo ndio ulionikalisha mezani na kalamu.

Hesabu naijibu upesi, tutoke hapo. Zitatosha, maadamu mtapanda basi la Nyamisati kutoka Mbagala na si ndege. Boti ya Nyamisati huondoka kwa kufuata maji kujaa na kupwa, kwa sababu ule mkono wa bahari wa kwenye mikoko hauna kina wakati wote. Kwa hiyo ulizia siku moja kabla, na mweke akiba ya kulala usiku mmoja palepale. Kutoka Kilindoni kwenda Utende ni kama kilomita 15, magari ya abiria na bodaboda hamtakosa. Kwenye geti la hifadhi ya bahari, Utende, chukua kitambulisho chako cha taifa, maana mwananchi halipi sawa na mgeni. Desemba ni wakati wa papa potwe, huonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi. Msikodi mashua peke yenu watatu, ngojeni wengine mgawane, na msimguse yule mnyama hata akipita karibu kiasi gani. Na chombo chochote kikijazwa kupita kiasi, shukeni, hata nauli isiporudi. Unakumbuka Septemba 2011, Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba, babu yako alivyokaa na redio sebuleni siku mbili bila kubadili shati. Sitaki kukaa vile.

Sasa chakula.

Neno langu unalijua: safari ya bei rahisi, kuna mtu anayeilipa. Nililisema ulipokwenda Arusha juu ya lori la mbao. Nililisema kaka yako alipokaa miezi mitatu kwa mjomba wenu Mwanza. Mmelisikia mpaka mmelichoka, na sijawahi kukwambia nililitoa wapi. Mama yako mdogo Rehema anajua, alikuwepo.

Ilikuwa Desemba 1989, tumemaliza mwaka wa pili wa uuguzi. Mimi, Rehema na marehemu Tatu, yule aliyekubeba mgongoni mpaka ukaanza shule. Hatukuwa na neno utalii. Tulisema tunakwenda kutembea. Kila mmoja alikuwa na mkoba wa ukili, khanga, na pesa kidogo alizoshona kwenye pindo. Siku hizo watu wengi wa Mafia walipitia Kisiju. Tulidandia lori lililokwenda kuchukua nazi, tukalala Kisiju, na alfajiri tukapanda jahazi lililobeba unga, mafuta ya taa na mbuzi wawili. Upepo wa kaskazi ulikuwa nyuma yetu. Tukaipita Kwale, tukaipita Koma, nahodha akitutajia kila kisiwa kama anayetaja wanawe. Nilikaa mbele kabisa, maji yakinirukia usoni, na nikajiambia kwamba nimekuwa mtu mzima. Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile foromali, mti wa tanga, inavyolia.

Kwa hiyo usifikiri sikuelewi. Nakuelewa kuliko unavyodhani.

Utende tulifika kwa miguu. Mtu wa ngalawa akatuvusha Chole, akatuambia nyumba ya kupanga hakuna, akatupeleka kwa shangazi yake, mjane aliyeitwa Mama Kombo. Kombo mwenyewe, mwanawe, alikuwa dago, kambi ya uvuvi, na wavuvi wenzake tangu mwezi uandame, hajarudi wala hajaleta kitu. Ilikuwa Jumatano jioni. Mama Kombo alitutazama, mabinti watatu wa watu, akauliza mama zetu wanajua tulipo. Kisha akaenda uani, tukasikia kuku anakamatwa.

Kuku yule alikuwa na vifaranga. Vifaranga vile nilianza kuviwaza miaka baadaye, nilipokuwa na mimba yako.

Alitupa kitanda chake, yeye akalala jikoni. Alhamisi asubuhi akatutilia chai na muhogo wa kuchemsha, tukamkaribisha, akasema amefunga. Kufunga Alhamisi ni sunna. Tukamwombea Mungu amtakabalie, tukala. Maji yalipokupwa, na lilikuwa bamvua, maji yanapokupwa mno, akatuchukua mwambani kusaka pweza. Mimi niliona mawe, yeye aliona nyumba za watu: huyu yumo, huyu ametoka, huyu ni mdogo tumwache. Akichomeka kijiti chake tunduni alikuwa anasikiliza kwa mkono. Tukavuka mpaka Juani kwa miguu, maji magotini, akatuonyesha magofu ya mji wa kale wa Kua, mibuyu imesimama kati ya kuta za matumbawe. Usiku, tumeshiba pweza wa nazi, akatusimulia jinsi miji miwili, Kua na Kisimani, ilivyolipizana: mmoja ulishusha jahazi majini juu ya miili ya watoto wa mwenzake, na uliodhulumiwa ukangoja miaka, ukawaalika wale wengine harusini, ukawaziba chumbani kwa mawe wakafa humo. Alipomaliza akakoroga moto, akasema, "Mgeni ni amana, hata akiwa adui." Tatu alilala amenishika mkono kwa woga.

Ijumaa alikula nasi, tonge mbili tatu, akasema ameshiba. Juu ya miti yao mikubwa popo walikuwa wananing'inia mchana kutwa kama matunda meusi, tukakaa chini tunawatazama, hatuna haraka na dunia. Jumamosi alitenga muhogo mchache na dagaa. Tukamkaribisha. Akasema amefunga. Tukala tukamaliza.

Jumapili alfajiri mtu wa ngalawa akagonga: maji yamejaa, na kuna jahazi linaondoka Kilindoni siku hiyo. Tukafunga mikoba mbiombio, tukamshika Mama Kombo mkono, tukasema ahsante sana, Mungu atakulipa. Tukaondoka. Pesa zangu zilikuwa bado kwenye pindo, karibu zote. Nilizibana siku nne na nilijiona hodari.

Kurudi, kaskazi ilikuwa usoni. Nahodha alibisha kutwa nzima, akigeuza chombo huku na huku dhidi ya upepo, na Koma tuliiona asubuhi, tukaiona adhuhuri, tukaiona tena jua linazama. Tatu alikuwa anatapika. Rehema, kupoteza muda, akaanza kuhesabu kwa vidole tumeokoa kiasi gani. "Jumatano tulikula kuku bure. Alhamisi pweza bure, Mama Kombo amefunga. Ijumaa wali. Jumamosi muhogo, Mama Kombo amefunga." Akasimama hapo, kidole juu. Akasema, "Jumamosi?"

Hakuna aliyemjibu. Hakuna aliyesema tena mpaka Kisiju.

Funga ya sunna ni Jumatatu na Alhamisi, Sabra, si Jumamosi. Mtoto wa madrasa anajua. Masikio yangu yalisikia "nimefunga" na tumbo langu likafurahi kwamba sehemu yetu imeongezeka.

Nimebishana na nafsi yangu miaka yote hii. Huenda alikuwa analipa kadha, siku za Ramadhani zilizompita, nikasema. Mwanamke hulipa siku zake siku yoyote. Lakini alikuwa mtu mzima, siku zile zilikuwa zimemwisha zamani. Basi huenda aliugua Ramadhani, anazilipa siku alizokula. Huenda. Mbona basi sikumwona akifuturu? Alhamisi alifuturu mbele yetu, tende na maji. Jumamosi alibaki jikoni na sisi tukabaki barazani, na sufuria niliiosha mimi mwenyewe asubuhi, ilikuwa kavu. Hapo kila mara nashindwa.

Niliporudi Dar nikatafuta namna. Baada ya mwezi nilikwenda bandarini kwenye majahazi, nikampata nahodha wa Mafia, nikampa mchele kilo tano, sukari kilo mbili na doti moja ya khanga ampelekee Mama Kombo wa Chole. Nililala vizuri usiku ule, nilidhani nimemaliza. Karibu na Idd mtu akaja getini chuoni ananiulizia kwa jina, amebeba mkeka. Umesukwa kwa ukindu wa zambarau na kijani. Ndio huohuo uliokuwa chini ya kitanda cha bibi yako, mliokatazwa kuutandika nje. Yule mtu akasema ametumwa na maneno haya tu: "Mama Kombo anasema yeye hakuuza."

Sasa niambie, neno langu linasimama wapi? Nasema safari ya bei rahisi kuna mtu anayeilipa, na yule aliyeilipa akakataa kulipwa. Siku nyingine nahisi nilimtusi kwa ile khanga, kwamba nilimgeuza mama ntilie. Siku nyingine nasema hapana, kosa langu halikuwa kutoa bali kutoa nyuma. Ningeingia na ule mchele mkononi Jumatano, angeupokea kwa mikono miwili na kuku angebaki na vifaranga vyake. Kitu ukikitoa mlangoni unapoingia ni zawadi, ukikitoa unapotoka ni bei. Mkono mtupu haulambwi, bibi yako alikuwa akisema, nami nilidhani anasema kuhusu wachumba.

Kwa hiyo kwenye hesabu yako ongeza mstari. Kilindoni kuleni kwa mama ntilie, lipeni kama watu. Visiwani mwambieni mwenye nyumba tangu siku ya kwanza apike kwa pesa yenu. Akikataa pesa, mpeni mchele, na msimwache atenge peke yake. Ingieni jikoni. Tazameni sufuria. Akisema amefunga, hesabuni siku.

Na Jibondo muwe na adabu ya maji. Kisiwa kile ni jiwe la matumbawe, maji yao matamu kwa miaka mingi yalikuwa ya mvua waliyoyakinga au yaliyoletwa na chombo kutoka kisiwa kikubwa. Ndoo moja ya kuondoa chumvi baada ya kuogelea, huenda kuna mtu aliyeivusha bahari. Jifuteni kwa kitambaa mvumilie mpaka Utende. Hao ni mafundi wa majahazi tangu mababu zao, nendeni mkatazame mbao zinavyopindwa, na maji mbebe yenu.

Hema nimelipenda na silipendi. Nalipenda kwa kuwa hamtamtoa mtu kitandani. Silipendi kwa kuwa hakuna mama wa pwani atakayewaacha mabinti watatu walale nje ya nyumba yake. Ataona aibu mbele ya majirani, atawaingiza, na yeye atakwenda jikoni, na tumerudi palepale. Mkapige hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mwonyeshwe mahali, na mseme wazi kwamba mmezoea kulala hivyo.

Nilikuwa nimeandika hapa mistari mitatu ya kusema uende au usiende. Baba yako ameisoma akaniambia, mtoto hakuuliza hilo, ameuliza pesa. Nimeikata. Imeniuma kuikata, maana jibu ninalo, na ningependa ungeniuliza. Una miaka 26, mimi nilikuwa na 21 na sikumwuliza mama yangu chochote.

Mama Kombo hawezi kuwa hai. Angekuwa amepita 90. Kombo huenda yupo, huenda ana wajukuu. Ukivuka Chole muulize mtu yeyote wa umri wangu, mjane aliyekaa karibu na miti ya popo, mwanawe Kombo mvuvi. Usiseme habari ya kufunga. Sema wewe ni mtoto wa mmoja wa wale mabinti wa uuguzi, na umetumwa salamu.

Pitia hapa nyumbani kabla ya Mbagala. Mchele kilo tano nimeshanunua, na sukari, na khanga rangi niliichagua mimi. Punguza nguo zako, begi liwe na nafasi.

Mama yako