Mtoto kashuka ghafla sekondari, anza na madaftari yake
Pole mzazi mwenzangu, unasema dogo alikuwa vizuri praimari sasa sekondari anaburuza mkia na wewe unahisi ni uvivu tu, mi nisingekimbilia huko. Chukua daftari lake la hesabu ukae nae, ukiona maswali kanakili vizuri ila hakuna hata moja alilomaliza ujue msingi wa nyuma una shimo, zile sehemu na desimali, hapo tuisheni ya mada mpya ni kupoteza hela. Akiwa anakosea hata kunakili namba, kapimwe macho, huenda ubao haoni. Halafu simu ibaki sebuleni usiku, umri huo anatakiwa alale masaa 8 mpaka 10. Viboko achana navyo, wangu aliishia kunificha ripoti.