Kabla ya kushika fomula, niambie basi liko wapi

Nikiwa kidato cha pili nilipata 17 kwa 100 kwenye jaribio la fizikia kuhusu mwendo, na hizo 17 zenyewe hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba fomula zote nilizijua. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia moja baada ya nyingine bila kukwama, na kwenye karatasi nilizitumia zote.

Aliyenitoa tongotongo hakuwa mwalimu. Alikuwa mjomba wangu, dereva wa lori, aliyefika nyumbani likizo ile akanikuta nimeinamia daftari. Swali lilikuwa hili: basi linakwenda kilomita 72 kwa saa, dereva anaona mbuzi barabarani, anakanyaga breki, na kasi inapungua mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Litasimama baada ya umbali gani? Mjomba akaniomba nimsomee, kwa kuwa lilikuwa kwa Kiingereza. Nikamtafsiria.

"Sasa mjomba," akaniambia, "alipomwona mbuzi, basi lilikuwa linakwenda au limesimama?"

"Linakwenda."

"Na mwisho wa habari?"

"Limesimama."

"Mbona basi hapo mwanzo umeandika sifuri?"

Niliandika sifuri kwa sababu kwenye mfano wa ubaoni kasi ya mwanzo ilikuwa sifuri. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa nimenakili mfano bila kusoma swali.

Siku hizi nafundisha tuisheni jioni, na kila mwanafunzi mpya namfanyia kama alivyonifanyia mjomba: funga daftari, nisimulie swali kwa Kiswahili kama unayemsimulia bibi. Nani anakwenda, anaanza vipi, kinamtokea nini, anaishia wapi. Kwetu fizikia ya sekondari huulizwa kwa Kiingereza, na nimeona wengi ambao hesabu wanaiweza kabisa ila wanaangushwa na vijineno vidogo. Kuna kile kinachosema kitu kilianza kikiwa kimetulia. Hapo umepewa kasi ya mwanzo, sifuri, bila namba kuandikwa. Kuna kinachosema kitu kimeachiwa kidondoke, nacho ni sifuri vilevile. Kinachosema kasi haibadiliki kinakupa mchapuko (kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde) wa sifuri. Asiyesimulia anaziruka namba hizo kisha analalamika kwamba swali halijatoa taarifa za kutosha.

Turudi kwa basi. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde (gawa kwa 3.6, kwa sababu saa ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000). Linapoteza mita 5 kwa sekunde kila sekunde inayopita, kwa hiyo baada ya sekunde 4 limeisha nguvu. Lilianza na 20 likaishia 0, likipungua kwa usawa, basi wastani wake ni 10. Sekunde 4 kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde ni mita 40. Umeona fomula hapo? Mimi sikuiona. Chora sasa mchoro wa kasi dhidi ya muda: mstari unaoshuka kutoka 20 hadi 0 ndani ya sekunde 4. Pembetatu iliyo chini yake ina eneo la nusu ya 4 mara 20, yaani 40 ileile, kwa kuwa eneo chini ya mstari ndilo umbali. Zile fomula zote za kukariri zimezaliwa kwenye mchoro huo, na zinafanya kazi mradi tu mchapuko haubadiliki. Mchapuko ukibadilika katikati ya safari, kata safari vipande, kila kipande na hesabu yake.

Mjomba hakuridhika na mita 40. "Dereva gani huyo anayeona na kukanyaga papo hapo?" Tukampa dereva sekunde 0.7 za kushtuka, ambazo ndani yake basi linaendelea na 20 yake: mita 14. Jumla 54. Kisha akataka tujaribu kilomita 108 kwa saa, yaani mita 30 kwa sekunde. Sekunde 6 za breki, wastani 15, mita 90, ongeza 21 za mshtuko, ni 111. Kasi imeongezeka nusu tu, lakini umbali wa breki umetoka 40 hadi 90. Mimi nilifurahia namba; yeye alirudia kuisoma ile 111 kimya kimya.

Alama za kutoa na kujumlisha ndipo wengi wanapozama, hata waliokwisha kujifunza kusimulia. Chukua mpira unaorushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde kutoka kwenye ukingo wa paa lenye kimo cha mita 25. Utagusa ardhi baada ya muda gani? Tumia uvutano wa 10, yaani dunia inavuta mpira chini kwa kubadili kasi yake mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Mwanafunzi anaona 25, anaipachika, anapata mlinganyo ambao kalkuleta inaukataa: kipeuo cha pili cha namba hasi. Anafuta, anaanza upya, anakataliwa tena.

Kalkuleta inasema kweli. Kwa kuandika 25 chanya huku umeamua juu ndiyo chanya, umeuliza mpira utafika lini mita 25 juu ya paa. Nao, kwa kasi ile, unapanda mita 20 tu. Haufiki. Ardhi iko chini ya mahali mpira ulipoanzia, kwa hiyo ni hasi 25, na ukiandika hivyo unapata sekunde 5 au hasi 1. Usiyependa alama, gawa safari: sekunde 2 za kupanda hadi mita 20 juu ya paa, kisha mita 45 za kushuka, ambazo ni sekunde 3. Tano ileile. Na ile hasi 1 usiitupe kwa dharau: kama mpira ungerushwa kutoka ardhini kwa mita 30 kwa sekunde, sekunde moja kabla, ungepita usawa wa paa na mita 20 kwa sekunde zake kamili. Hesabu haijui kwamba wewe ulianzia juu ya paa.

Wastani wa kasi niupitie haraka. Umekwenda kilomita 120 kwa 60 kwa saa, umerudi kwa 40. Wastani si 50. Saa 2 za kwenda, saa 3 za kurudi, kilomita 240 kwa saa 5: ni 48. Ile ya 40 umekaa nayo muda mrefu zaidi.

Kwenye mawimbi fomula ni moja tu ya kuhangaika nayo, na bado watu wanakosea kuliko kwenye mwendo. Kasi ni marudio (mawimbi mangapi yanapita kila sekunde) mara urefu wa wimbi (umbali kutoka kilele hadi kilele). (Vitabu vingine huandika masafa badala ya marudio, mimi nalikwepa neno hilo kwa sababu mtaani masafa ni umbali, na wanafunzi wangu wanachanganya.) Mwanafunzi anaitazama fomula na kuhitimisha: marudio yakiongezeka, kasi nayo inaongezeka. Namwambia afikirie taarabu inapigwa uwanjani naye amesimama mita 340 kutoka jukwaani. Kila kitu kinamfikia kikiwa kimechelewa kama sekunde moja, lakini ngoma nzito na sauti nyembamba ya mwimbaji vinafika pamoja. Kama sauti za juu zingekimbia zaidi, wimbo ungemfikia umesambaratika.

Kwa hiyo jiulize nani anaamua nini. Marudio yanaamuliwa na chanzo: uzi wa gitaa, koo la mwimbaji. Kasi inaamuliwa na mahali wimbi linamopita: hewani sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, majini takriban 1,500. Urefu wa wimbi hauna sauti kikaoni, unapokea kinachobaki. Sauti ya marudio 340 kwa sekunde ina urefu wa mita 1 hewani. Ikizama majini marudio yanabaki 340, urefu unakuwa kama mita 4.4. Marudio hayabadiliki mpakani kwa sababu mawimbi hayana pa kurundikana: yanayofika mlangoni kila sekunde ndiyo yanayotoka upande wa pili.

Halafu kuna kosa la kuhesabu, ambalo nililifanya hata nilipokuwa najiona fundi. Umekaa ufukweni, kuanzia kilele cha kwanza hadi cha kumi kupita kwenye mlingoti wa ngalawa zimepita sekunde 36. Wimbi moja linachukua muda gani? Ukijibu 3.6 umehesabu nguzo badala ya nafasi kati ya nguzo. Vilele 10 vina nafasi 9, kwa hiyo ni sekunde 4. Kama vilele vimeachana mita 20, wimbi linakwenda mita 5 kwa sekunde, ingawa ngalawa yenyewe iliyotiwa nanga inapanda na kushuka palepale.

Jaribu hili bila kalamu kwanza, usimulie tu. Umesimama bondeni, unapiga kelele kuelekea genge la mawe, mwangwi unarudi baada ya sekunde 5. Genge liko umbali gani? Mimi napata mita 850. Ukipata 1,700, sauti yako ilikwenda ikasahau kurudi.