Mwenzako wa chumba na miaka miwili ya kurudi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza mvua ilikuwa inapiga bati na mama yako akadai umesema umekosana na mwenzako wa chumba. Kumbe hamjakosana. Umeuliza tu mambo matatu kwa mkupuo: mwenzako huyo, Mtibeti aliyezaliwa India, na mama yake kazaliwa hukohuko, anaitwaje mkimbizi, kuna haki gani Watibeti kutengewa nafasi zao za kusoma uzamili Marekani wakati wewe uliwania na dunia nzima, na huyo dada anapokaa kitandani usiku anasema hataki kurudi India baada ya mahafali, wewe umwambie nini. Kwenye simu ningeruka huku na huku mpaka salio liishe. Acha niandike.

Unajua nilisoma Mysore, kusini mwa India, 1989 hadi 1992. Ambacho sijawahi kukusimulia ni foleni ya polisi. Sisi wanafunzi wageni tulikuwa tunakwenda kuhuisha karatasi za usajili, tunapanga mstari asubuhi na mapema: Wasudani, Wakenya, mimi Mluguru peke yangu. Siku moja mbele yangu alisimama kijana anabishana na karani kwa Kikannada safi, lugha ya wenyeji wa kule, Kikannada cha utani na cha matusi madogo, kile ambacho mgeni hafundishwi darasani. Nikamgusa bega nikamuuliza, wewe unatafuta nini kwenye foleni ya wageni? Akanionyesha cheti chake. Mtibeti, kazaliwa Bylakuppe, makazi ya wakimbizi wa Kitibeti, kilomita 80 hivi kutoka pale tuliposimama. Mimi nilikuwa na miezi 14 India. Yeye alikuwa na miaka 20, yaani umri wake wote. Foleni moja, karani mmoja.

Hapo ndipo tulipoanza urafiki, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. India haina hata sheria ya wakimbizi. Haijasaini ule Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Mtibeti ni mgeni anayeruhusiwa kukaa, ana cheti cha usajili anachokihuisha. Akitaka kusafiri anaombea kijitabu cha njano badala ya pasipoti, kisha anaomba ruhusa ya kutoka, na juu yake muhuri wa kumruhusu kurudi. Kwa hiyo mwenzako, kabla hajaiona hata sura ya ubalozi wa Marekani, alishaomba ruhusa ya kuingia tena katika nchi aliyozaliwa. Wewe ulipoondoka Dar ulihangaikia kilo za sanduku tu.

Kuna kichekesho ndani yake. Sheria ya uraia ya India inasema aliyezaliwa kule kati ya tarehe 26 Januari 1950 na 1 Julai 1987 ni raia kwa kuzaliwa. Yule rafiki yangu wa kwenye foleni alikuwa raia kwa maandishi na hakuna aliyemwambia. Mpaka 2010 ndipo Mahakama Kuu ya Delhi ikaamua kwamba binti mmoja wa Kitibeti aliyezaliwa katika kipindi hicho ni raia, apewe pasipoti. Wapo walioifuata njia hiyo. Wapo wasioitaka kabisa, wanaona kwamba siku watakapoitwa Wahindi wote, hoja ya Tibet itakuwa imezikwa kimyakimya. Muulize mama wa mwenzako yuko upande gani, ila muulize kwa adabu. Ni jambo linalogawa nyumba.

Sasa la pili, ambalo nimesikia na kachumvi kidogo ndani ya sauti yako.

Mwanangu, mimi mwenyewe Mysore nilikwenda kwa nafasi iliyotengwa. Serikali ya India iliweka nafasi kwa ajili ya vijana wa nchi zetu, na jina langu likapita wizarani Dar es Salaam likapigwa muhuri. Sikushindana na dunia, nilishindana na Watanzania wachache wenye alama kama zangu. Rafiki yangu wa Bylakuppe asingeweza kuigusa nafasi ile, maana hakuwa na wizara. Wewe nawe, kabla ya hayo ya dunia nzima, shahada ya kwanza ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo (na usijisahau, ukianza kazi hapa asilimia 15 ya mshahara inawasubiri). Karibu kila ufadhili una mlango wa taifa fulani. Swali ni mtu asiye na taifa lenye saini apite mlango gani.

Wale walijijengea mlango. Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, aliwakimbia Wachina akatoka Lhasa, mji mkuu wa Tibet, usiku wa tarehe 17 Machi 1959, akaingia India tarehe 31, na watu kama 80,000 wakamfuata wakivuka Himalaya. Wengi walipewa kazi ya kutengeneza barabara za milimani, mawe na nyundo, watoto wakilala kwenye mahema kando ya barabara. Tarehe 17 Mei 1960 watoto 51 waliletwa Dharamsala, mji wa kaskazini mwa India alikokaa Dalai Lama, kutoka kwenye kambi hizo za barabara, wagonjwa na wamekonda, wakapokelewa na dada mkubwa wa Dalai Lama, Tsering Dolma. Alipofariki 1964, mdogo wake Jetsun Pema akashika, akaendesha kwa miaka zaidi ya 40. Ndiyo mwanzo wa Vijiji vya Watoto wa Kitibeti, shule ambazo bila shaka mwenzako au binamu zake wamepitia. Serikali ya India nayo iliwalipia shule nyingine, tusiwanyime haki yao. Shule zilianza wakati wakubwa bado wanalala kwenye maturubai.

Lakini shule ya msingi na sekondari haizai mtaalamu wa afya ya jamii. Kwa hiyo mwaka 1988 Marekani ilianza kulipia Watibeti wa India na Nepal kusoma uzamili kule, na taasisi ya Tibet Fund ya New York ndiyo inayouendesha mpango huo. Maombi yanapita Dharamsala, kwenye idara ya elimu ya serikali yao ya uhamishoni. Wanaangalia alama kama kwingine, na wanaangalia daftari la kijani, ambamo kila Mtibeti anaandikiwa mchango wake wa mwaka kwa serikali hiyo. Hilo lilinichekesha nilipoliona mara ya kwanza kwenye meza ya rafiki yangu: kodi ambayo hakuna polisi anayekuja kuidai, na bado yule kijana alikuwa anatunza stakabadhi zake vizuri kuliko mimi ninavyotunza za TRA. Upo pia ufadhili wa Dalai Lama Trust, hadi dola 10,000, lakini kwa ada za huko ulipo hiyo ni kiraka, wewe unajua.

Basi usimwonee wivu. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, taasisi za Watibeti zilitikisika. Mlango wao mmoja uko kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Nimefika lile la tatu, na hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Nilikwenda Bylakuppe na yule rafiki, Oktoba 1991. Nilitegemea mahema. Nikakuta mahindi. Mahindi, mwanangu, mistari na mistari, mpaka nikajiona niko Kilosa. Baba yake alinieleza, mtoto akitafsiri, kwamba walipofika mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale palikuwa msitu mtupu, serikali ya jimbo ikawapa ekari kama 3,000 kwa kukodisha, wakafyeka, tembo wakija usiku kukanyaga walichopanda. Wao walikuwa watu wa shayiri na baridi, wakapewa joto na mahindi. Mama yake siku ile alikuwa anafunga mizigo: sweta za kutoka mji wa Ludhiana kaskazini, zimechukuliwa kwa mkopo, zinapelekwa kuuzwa mijini msimu wa baridi. Ada ya kijana ilitoka kwenye marobota yale. Alikuwa anazikunja sweta kwa magoti, anakandamiza, anafunga kamba, anakandamiza tena, haongei.

Kijana aliomba ufadhili wa Marekani, akachaguliwa. Kile kijitabu cha njano kikalala kwenye ofisi moja mpaka muhula ukaanza bila yeye. Hakuomba tena. Akafundisha hisabati kijijini. Miaka kumi na kitu baadaye aliniandikia barua kwamba wanafunzi wake wawili wamekwenda, mmoja karudi, mmoja yuko New York. Aliandika hivyohivyo, mstari mmoja, hakuweka lawama. Nimeisoma barua ile mara nyingi nikitafuta lawama.

Sasa mwenzako. Amesaini kwamba akimaliza atarudi kuwatumikia Watibeti wenzake India au Nepal miaka miwili. Juu ya hapo viza aliyokuja nayo ina sharti la Marekani: kwa kawaida hapati viza ya kazi wala ukaazi wa kudumu mpaka kwanza akae miaka 2 alikotoka. Na wewe unaniambia ana shangazi yake Minneapolis hiyohiyo mnakosoma. Sishangai. Sheria ya Marekani ya 1990 ilitoa viza 1,000 kwa Watibeti wa India na Nepal, wakaanza kuingia 1992, na Minnesota, jimbo hilo mliko, ni mojawapo ya sehemu walikoota mizizi. Chumba kipo, chakula kipo, lugha ipo. Kule India mwaka 2009 walihesabiwa Watibeti 94,000 na kitu, na tangu hapo wanapungua, vijana wanaondoka. Anayerudi anakuta shule zenye madawati mengi kuliko watoto. Ningekuwa binti wa miaka 27 ningelia pia.

Ulikulia Morogoro, Mazimbu unaijua kama kampasi ya SUA tu, ulikokuwa unakwenda kwenye mabonanza. Sisi tuliijua ikiwa ya Wasauzi. Lilikuwa shamba la mkonge lililochoka, serikali ikawapa ANC, chama chao cha ukombozi, wakajenga shule wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Tulikuwa tunawaona mjini Jumamosi, wanachekacheka, suruali nzuri kuliko zetu. Wakimaliza wanapelekwa kusoma Ulaya na kwingineko, kwa ufadhili uliotengwa kwa ajili yao, na hakuna mtu hapa Moro aliyeuliza mbona sisi hatupelekwi. Nao walitakiwa kurudi kwenye kazi ya chama. Ila mwaka 1990 kwao kukafunguka. Julai 1992 wakatukabidhi majengo na wakaenda nyumbani.

Mwenzako hana hiyo 1990. Akiambiwa rudi, harudishwi Tibet, anarudishwa kwenye ukimbizi mwingine, kwenye mahindi ya kukodi. Kwa hiyo nisingetumia neno kurudi nyumbani mbele yake, litamuumiza bure. Mimi ninaliona kama zamu. Kuna mwalimu pale Bylakuppe aliyekandamiziwa sweta na mama yake, akakosa, akakaa darasani miaka yote ili wengine wapite. Huyo dada yuko Minneapolis juu ya zamu za watu kama yule. Miaka 2 ni ya kumpokea mtu mmoja lindo, apumue. Baada ya hapo aende anakotaka, na dhamira yake imekaa sawa. Lobsang Sangay, mtoto wa makazi ya wakimbizi ya Darjeeling ambaye naye alisaidia wazazi kuuza sweta, alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard kwa ufadhili wa Fulbright wa serikali ya Marekani, akapata udaktari wa sheria 2004, akakaa Marekani miaka kama 15 kabla ya kurudi Dharamsala 2011 kuongoza serikali yao ya uhamishoni. Kila mtu na saa yake.

Hayo ni mawazo yangu mimi, usimsomee kama hukumu. Ukimwambia wewe, mwenye pasipoti ya Tanzania kwenye droo na kiwanja cha bibi yako Mgeta, yatasikika kama dharau. Kaa naye tu. Akikuuliza baba yako anasemaje, mwambie baba anasema kijitabu cha njano akiombee mapema, asingoje mwezi wa mwisho, na nakala za kila karatasi aziweke sehemu mbili.

Na muulize kama kwao ni Bylakuppe au kwingine. Kama ni Bylakuppe, mwambie mimi nimekunywa chai yao ya siagi na chumvi kwenye nyumba ya mwalimu wa hisabati. Kikombe kikipungua kidogo mama anajaza, nami kwa adabu za Kiluguru nikawa namalizia ili nisimuudhi, naye akawa anajaza ili asiniudhi. Kilipofika cha 4 kijana akaninong'oneza: ukishiba, acha kimejaa. Mama yako anasalimu, anauliza kama lile koti linatosha.

Baba yako