Kidhibiti cha pampu kinasahau viwango umeme ukikatika: isome chipu yenyewe

Ndugu yangu wa Wete, umesema kidhibiti chako cha pampu, chenye chipu ya STM32F103C8, kinapoteza viwango vya tangi kila umeme ukikatika, na msimbo umeusoma weee huoni kasoro. Uweke kando. Tazama kilichomo ndani ya flashi, kumbukumbu ya chipu inayobaki hata umeme ukikatika.

Mie hapa Unguja natengeneza bodi za namna hiyo, na aghalabu shida iko kwenye ukurasa (kipande cha flashi kinachofutwa kwa pamoja) uliohifadhi mipangilio. Flashi ya chipu yako inaanzia 0x08000000, ina KB 64, kila ukurasa KB 1. Kama umetumia ukurasa wa mwisho, anwani yake ni 0x0800FC00.

Ila usikurupuke kuwasha. Programu nyingi zikiamka zikakuta data mbovu hufuta ukurasa na kuandika viwango vya awali. Ukiwasha bodi ndiyo uchomeke ST-Link (kifaa cha kuunganisha chipu na kompyuta), ushahidi umeshakwenda na maji. Unganisha pia waya wa NRST, yaani wa riseti (wengi huishia kwenye nyaya za mawasiliano SWDIO na SWCLK, na ardhi), na kwenye mpangilio wa OpenOCD, programu ya kompyuta inayozungumza na chipu kupitia ST-Link, weka `reset_config srst_only connect_assert_srst`. Washa umeme huku umebonyeza kitufe cha riseti, anzisha OpenOCD, ndipo uachie kitufe. Kisha, kwenye telnet ya OpenOCD, andika `reset halt`, chipu isimame kabla msimbo haujaanza.

Kwenye GDB, programu ya kuchunguza msimbo, andika kwanza `target remote :3333`. Kabla ya hapo GDB inakusomea faili la ELF (programu yako iliyokwisha kukusanywa) lililo kwenye kompyuta, na hilo halina ugonjwa hata siku moja. Halafu `x/8xb 0x0800FC00`, yaani nisomee baiti nane za mwanzo wa ukurasa huo.

Bodi moja niliyoletewa kutoka shamba ilinionesha hivi:

5a a5 1e 00 5a 00 ff ff

Baiti ndogo hutangulia, kwa hiyo 5a a5 ni alama 0xA55A ya kuonesha kuwa ukurasa una mipangilio, 1e 00 ni asilimia 30 ya kuwasha pampu, 5a 00 ni 90 ya kuzima. Mwisho ilitakiwa hesabu ya kuhakiki (checksum) ya kuthibitisha kuwa data ni nzima. Ipo ff ff, yaani haijaandikwa. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Ungeona ff tupu, basi ulikatika wakati wa kufuta au baada yake, kabla ya kuandika, na hapo ndipo penye hatari zaidi: kufuta ukurasa kunachukua milisekunde 20 hadi 40, ilhali kuandika baiti mbili hakufiki hata milisekunde moja. Na kufuta hakuepukiki, maana kuandika kunageuza biti kutoka 1 kwenda 0 tu. Kurudi 1 lazima ukurasa mzima ufutwe.

Dawa yake ni kurasa mbili kwa zamu. Andika mpya kwenye ukurasa mtupu, alama ya kuonesha data imekamilika uiandike mwisho kabisa, ule wa zamani uufute baadaye. Kwenye faili la linka, linalopanga msimbo ukae wapi, punguza LENGTH (ukubwa) ya flashi iwe 62K, msimbo usije ukakua ukaingia kwenye kurasa hizo mbili za mwisho. Na wakati wa kupakia programu mpya usifute chipu nzima, utajifutia mipangilio kisha uilaumu pampu.

GDB ikikataa kusoma, huenda ulinzi wa kusoma umewashwa. Usiufungue kwa haraka: kuufungua kunafuta flashi yote.

Ukishapata zile baiti za mwanzo zibandike hapa, pamoja na muundo wa mipangilio yako, tuzisome.