Mama ametolewa platre, dokta ameandika kine: aende ao ni masaji tu?

Dada uliyeuliza juu ya mama yako, nimesoma yote mara mbili, nikaona nikujibu vizuri juu njia ile nimeipita na muguu wangu mwenyewe. Umesema alivunjika kifundo cha muguu, platre (ile plasta ngumu ya kushika mufupa) wamemutoa wiki mbili sasa, dokta ameandika seansi kumi za kine, ile matibabu ya mazoezi ya kurudisha muguu kazi, na kaka zako wanasema ni masaji tu, bora pesa iende ku chakula. Miye nasema aende. Lakini asiende vile miye nilienda mara ya kwanza.

Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, hapa Goma. Asubuhi nashuka Kituku kandokando ya ziwa, nanunua, napanda moto (pikipiki) na beseni paka ku soko Virunga. Siku moja moto iliteleza juu ya yale mawe ya volkano, muguu ukabaki chini yake, radio, ile picha ya mufupa ya lopitali, ikaonesha mufupa wa kifundo umepasuka. Platre wiki sita. Siku waliyoikata nilishituka kuliko siku ya kuanguka: nyama ya nyuma ya muguu imeisha, ngozi inatoka magamba, kifundo hakikunji hata kidogo. Miye nilijua mufupa ukishaunga basi, unarudia kazi. Kumbe mufupa njo uliunga, vingine vyote vilikuwa vimelala wiki sita, juu musuli usiotumika unapungua na jointi isiyotembea inakauka, hata kusimama na muguu moja nilikuwa nimesahau.

Pahali pa kwanza nilipoenda waliniwekea lampi ya moto, wakanipaka mafuta, wakakanda, nikalipa nikarudi nyumbani. Seansi tano hivyo. Nilikuwa nasikia raha ile siku, kesho yake muguu uko vile vile. Hakuna aliyenipima, hakuna aliyeniuliza kazi yangu ni gani. Kama kaka zako wameona kine ya namna ile, siwezi kuwalaumu.

Kisha shangazi akanipeleka kwa mama mungine wa kine. Yule kabla ya kunigusa aliuliza: unataka muguu ukurudishe kufanya nini? Nikamwambia nataka kushuka Kituku na beseni, tena nataka kuchutama ku choo bila kushika ukuta. Akaniambia basi tupime. Akanisimamisha mbele ya ukuta bila viatu, kidole kikubwa kikagusa ukuta, akasema kunja goti paka liguse ukuta, kisigino kisitoke chini. Likigusa, rudisha muguu nyuma kidogo, jaribu tena, kisha pima na vidole vya mukono nafasi iliyobaki kati ya ukuta na kidole kikubwa. Muguu mzima ulifika vidole vitano. Ule wa platre, kidole kimegusa ukuta kabisa na goti bado halifiki. Sifuri. Pale njo nilielewa juu ya nini mutelemuko ulikuwa unanishinda, juu ukishuka ao ukichutama goti linapita mbele ya kidole, na kifundo kikikataa kukunja mwili wote unakataa.

Hakunikanda sana. Alinifundisha mazoezi machache, akanitazama nikiyafanya, akakosoa, akasema hii utafanya nyumbani kila siku, kwangu utakuja mara moja kwa wiki nione kama inaenda. Kuvuta muguu na kitambaa, kunyanyua visigino nikishika meza, kusimama na muguu moja nikiwa napiga mswaki. Maumivu aliniambia hivi: kama sifuri ni hakuna na kumi ni ya kupiga kelele, ikifika tatu ao ine na kesho asubuhi imetulia, endelea. Ikibaki paka kesho ao ikizidi, punguza. Magharibi muguu ulikuwa unavimba, nauweka juu ya mito, akaniambia kuvimba kwa namna ile kunaweza kuchukua miezi, nisiogope. Wiki ya tatu nilikuwa na vidole viwili. Nilipofika vine nilishuka Kituku, pole pole, bila beseni kwanza.

Sasa sikiliza hii vizuri juu ni ya hatari. Mutu akitoka ku platre, nyama ya nyuma ya muguu ikivimba ghafla upande moja, ikawa moto na kuuma, ao akakosa pumzi, musimukande na musimupe mazoezi, mbio ku lopitali siku ile ile, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mushipa. Na kama kuna homa, ao mufupa unauma sana usiku amelala tu, dokta amuone kwanza. Kwa wale wanaouliza hapa juu ya mugongo ni vile vile: ukianza kushindwa kuzuia mukojo, ao miguu inaisha nguvu, ao unakufa ganzi kati ya mapaja, usingojee seansi ya kine. Na kama kuna mzee wa kuvuta mifupa, tafazali asimuguse mama, mufupa wa juzi hauvutwi.

Pesa najua, mambo ni magumu Goma hii. Uliza bei yote mbele, kisha uwaambie wazi: tuko na ya seansi tatu, mutupangie mazoezi ya nyumbani. Mutu anayejua kazi yake hatakataa. Wakikataa kumupima ao wakimulaza tu chini ya lampi, toka utafute pengine.

Mama yako leo magharibi umusimamishe ku ukuta, wewe ukimushika, kama dokta ameshamuruhusu kukanyaga. Pima muguu mzima kwanza, kisha ule mungine. Niandikie hapa ni vidole ngapi.