Kujiona uko chini kunaudhuru mwili?

Umeuliza kama kujiona uko chini ya wenzako kunaweza kudhuru afya hata pale kipato si kibaya. Ndiyo, na jambo hilo limepimwa.

Kipimo chenyewe ni mchoro wa ngazi yenye vipago 10, uliobuniwa na mwanasaikolojia Nancy Adler na wenzake. Juu kabisa ni wenye fedha, elimu na kazi za heshima zaidi. Chini ni wasio na kitu. Unatia alama pale unapoona umesimama, basi.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni utafiti wa mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake, wa 2008. Watu wazima 193 wenye afya walidondoshewa virusi vya mafua puani, wakawekwa karantini na kufuatiliwa. Waliojiweka vipago vya chini waliugua zaidi, hata baada ya kuzingatia hali yao halisi ya kiuchumi na elimu. Usingizi mbovu ulionekana kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Mimi ningeanzia hapo: anayehisi kudharauliwa hulala na mawazo, mwili ukabaki katika hali ya hadhari, na kinga huweza kuyumba.

Ila uwe makini unaposoma tafiti nyingine. Ugonjwa nao humshusha mtu, na mwenye sonona huweza kujiweka chini kuliko alipo. Utafiti uliouliza yote kwa siku moja hauwezi kukuambia kipi kilitangulia. Cohen aliuliza kwanza, ndipo akawapa virusi.